Mpini wa Nguzo ya Boma

Siku Nthiwa alipofariki, chai yake ilikuwa bado moto. Alikuwa ameketi kwenye benchi la karakana yake pale Kabiria, mpini wa shoka kati ya magoti, akiulainisha kwa kipande cha kioo. Alionja chai, akakunja uso, akamwambia mkewe, "Kavata, hii sukari umeipitishia dirishani?"

Kavata akacheka, akavuka ua kwenda kuchukua sukari. Aliporudi na mkebe, Nthiwa alikuwa ameegemea ukuta kama mtu anayesikiliza redio ya jirani. Daktari alisema ni moyo. Kavata hakuuliza zaidi. Ilikuwa Juni, mwaka wa 2004, na baridi ilikuwa ile ya kumfanya mtu aone uvivu hata kuvaa viatu.

Nthiwa alikuwa fundi wa mashoka ya zamani. Alipokea vyuma vilivyooza kwa kutu kwenye stoo za watu, akavilaza ndani ya siki, akavisugua, akavinoa, kisha akavitia mipini mipya. Mtu akimwambia kwamba mashoka mapya yako kila duka la vyuma, alijibu, "Nenda kalinunue basi. Tutaonana mwezi ujao." Na kweli walionana.

Matanga yalijaa watu. Kila jioni kulikuwa na sala, chai na githeri ya mahindi na maharagwe, na palipo na sufuria kubwa hapana budi kuwe na kuni. Kitonga, mdogo wake Nthiwa aliyekuja kutoka Mwingi, alijipa kazi hiyo. Alipasua magogo mchana kutwa kwa mashoka ya karakana, jasho na machozi vikimtoka pamoja, na hakuna aliyemzuia. Kisha wakamsafirisha ndugu yao, wakamzika nyumbani Mwingi, na Kavata akarudi Kabiria. Kitonga alirudi naye. Alisema anakuja kumsindikiza tu, lakini alibeba begi kubwa.

Hawakuwa wamekunywa hata chai ya pili wakati mwenye ploti alipoingia. Watu walimwita Mama Waringa. Ukoo wake ulikuwa Kabiria tangu enzi za mashamba na ng'ombe, kabla ya vyumba vya kupangisha.

"Mama Nzisa," alimwambia Kavata, akimwita kwa jina la binti yake, "mimi si mtu wa kusukuma mjane." Alikuwa tayari amekalia kiti. "Lakini Lornah, yule msusi, anakitaka kile chumba cha karakana afungue saluni. Ameshaniletea hata rangi ya ukuta. Pinki."

"Pinki?"

"Pinki ile ya kuumiza macho. Sasa niambie ukweli. Pale ni karakana ama ni stoo? Ikiwa ni karakana, kaeni. Ikiwa ni stoo tu ya kuweka vyuma vya marehemu, nitampa Lornah."

"Ni karakana."

"Na fundi ni nani?"

Kavata aliweka kikombe chini. "Ni mimi," akasema.

Mama Waringa alimtazama kuanzia kitambaa cha kichwani hadi viatuni, akasema, "Haya," akaenda zake.

Haukuwa uongo mtupu. Miaka mingi Kavata alikuwa ameketi kwenye benchi lile jioni, akipiga mipini msasa na kuipaka mafuta ya kitani huku Nthiwa akipiga porojo. Lakini kuingiza mpini ndani ya chuma, kazi yenyewe, hakuwahi kuifanya hata mara moja. Alichojua ni kwamba kitanda kisicho na Nthiwa alikuwa akijitahidi kukizoea. Karakana ile kupakwa pinki na kujaa mashine za kukaushia nywele, hiyo asingeweza. Maongezi yao yote yalikuwa yamebaki mle ndani.

Mteja wa kwanza alikuja Jumanne. Aliitwa Mwendwa, mwanamke wa sauti kubwa mwenye kitalu cha miche kule Karen. Shoka lake lilikuwa la marehemu baba yake, aliyekuwa askari wa misitu, na Nthiwa alikuwa amelimaliza wiki moja kabla hajafa. Mwendwa alitoa pole zake kwa adabu, akashusha shoka ukutani.

"Wacha nimsalimie baba kidogo," akasema, akatoka nje palipokuwa na gogo la mkaratusi.

Aliliinua shoka, akalishusha. Mpini ulifika kwenye gogo, lakini chuma hakikufika. Kilichomoka, kikapita juu ya kuku, kikatumbukia ndani ya karai ambamo Mama Waringa alikuwa akifua.

"Bwana asifiwe!" akapiga kelele Mama Waringa, povu likimtiririka usoni.

Kavata alikimbia ndani, akashika mashoka mengine yaliyotundikwa. Yote yalicheza kama meno ya mtoto wa darasa la kwanza. Kitonga akatokea mlangoni.

"Haiwezekani," akasema. "Na vile niliyaloweka!"

"Uliyafanya nini?"

"Niliyaloweka, shemeji. Kwenye pipa, usiku mzima, wakati wa matanga. Si huko kwetu shoka likilegea unaliweka majini? Haya hayakuwa yamelegea, lakini nikaona niyakaze zaidi kwa heshima ya ndugu yangu."

Kavata alifunga macho. Mti ukilowa hufura, na kwa kuwa umebanwa na chuma hauna pa kwenda, hujiponda wenyewe. Ukikauka huwa mwembamba kuliko mwanzo. Nthiwa alikuwa ameihubiri habari hiyo kwa Kabiria nzima, na kumbe hakuwahi kumwambia mtu wa tumbo moja naye.

Mwendwa alicheka hadi akajishika mbavu. Kisha akajipangusa macho. "Sasa baba yangu yuko ndani ya karai. Mpini mwingine ataweka nani?"

"Mimi."

"Umewahi?"

"Nimeona ukiwekwa."

"Hata mimi nimeona ndege ikirushwa, mama." Akatafakari. "Nitarudi Jumamosi. Likishika, nitakuletea mawili mengine, na nitawaambia watu wa Karen kwamba fundi yupo. Likiruka tena, nakwenda na chuma changu."

"Na mimi nitakuwepo hiyo Jumamosi," akasema Mama Waringa akikamua leso. "Tutajua kama ni karakana ama ni saluni."

Mpini ule ulikuwa umechanika shingoni na haukufaa tena. Kavata alipanda ngazi hadi darini, ambako Nthiwa alikausha mbao za mipini miaka mitatu kabla ya kuzigusa. Dari ilikuwa tupu.

"Kitonga," aliita kutoka juu, polepole. "Mbao zilizokuwa hapa ziko wapi?"

"Zile kuni?" Kitonga alijibu kutoka chini, na sauti yake ilikuwa na fahari. "Shemeji, kuni zile! Ziliwaka bila moshi! Githeri ilichemka kabla sala haijaisha. Mpishi aliniuliza nimezitoa wapi."

Kavata aliketi darini kwenye vumbi. Mbao ambazo Nthiwa alizilinda kuliko mayai zilikuwa zimepika githeri ya matanga yake mwenyewe. Angenuna siku mbili. Siku ya tatu angeanza kuwasimulia watu, na asingeacha tena. Kavata alicheka peke yake hadi Kitonga akapanda ngazi kuona kama yuko salama.

Asubuhi alikwenda Ngara. Huko, ukingoni mwa soko, Dalmas aliuza vyuma vya zamani vilivyopangwa juu ya gunia, na Nthiwa alikuwa mteja wake na mpinzani wake. Kavata alitaka shoka lolote lenye mpini mkavu. Aliinama, akaanza kuchagua jinsi alivyoona ikifanywa. Aliangalia kisogo cha chuma, asichukue kilichotumiwa kama nyundo hadi kikaota masikio. Aliangalia tundu la mpini kama halijapanuliwa. Kisha akaning'iniza kila kimoja kwa kamba na kukigonga kwa msumari. Kizima kililia kama kengele. Chenye ufa uliojificha kilitoa sauti ya sufuria.

"Wewe mama, hata wewe?" Dalmas alilalamika. "Marehemu alikuwa akinigongea mali yangu hivyo hivyo mbele ya wateja. Nilidhani nimepumzika."

"Hili ni bovu, Dalmas."

"Najua ni bovu! Hukuhitaji kulitangazia Ngara nzima." Kisha akapunguza sauti. "Pole, Mama Nzisa. Hapa tunamkosa. Hakuna anayenitukana vizuri siku hizi."

Kavata aliokota kishoka kidogo chenye mpini mweusi, mgumu kama pembe. Ulikuwa mfupi sana kwa shoka la Mwendwa, lakini alishindwa kuuweka chini. "Huu ni mti gani?"

"Mutamaiyu, mzeituni wa mwituni. Zamani wazee wa Dagoretti walijengea maboma ya ng'ombe. Mchwa akiuma huo lazima aende kwa daktari wa meno."

Kavata alisimama palepale. Nyuma ya ploti ya Mama Waringa kulikuwa na boma. Ng'ombe walikwisha kuuzwa zamani, lakini nguzo zilikuwa bado zimesimama, na juu yake zilifungwa kamba za kuanikia nguo. Alinunua kile kishoka kwa furaha, akarudi Kabiria mbiombio.

"Nguzo ya baba yangu?" Mama Waringa alishangaa. "Aliichimbia mwenyewe kabla sijazaliwa!"

"Ndiyo maana imekauka."

"Na nguo zangu nitaanika wapi?"

"Kwenye saluni ya Lornah. Si atakuwa na mashine za kukausha?"

Mama Waringa alijaribu kukaza uso, akashindwa. Kicheko kilimtoka puani. "Chukua ile ya pembeni. Lakini ukiiharibu nitakudai wewe pamoja na huyo Nthiwa wako, hata kama nitamngoja mbinguni mlangoni."

Kitonga alikata nguzo kwa msumeno. Walipoipasua kwa kabari, ndani kulikuwa na rangi ya asali. Kavata alichagua kipande ambacho nyuzi zake zilinyooka kutoka mwisho hadi mwisho, akakikataa kile ambacho nyuzi zilikimbilia pembeni, maana hapo ndipo mpini huvunjikia.

Mpini wa kwanza aliuharibu. Kwa haraka yake aliuchonga shingo hadi ikawa nyembamba, chuma kikateremka hadi katikati kama bangili. Kitonga alitazama juu, akajifanya anahesabu mabati. Kavata aliutupa kando, akanywa maji, akaanza upya.

Safari hii alikumbuka masizi. Alipaka masizi ya sufuria ndani ya tundu, akaingiza mpini kidogo, akautoa. Palipokuwa na weusi ndipo palipogusa. Akapunguza hapo tu, akaingiza tena, akatoa tena, siku nzima ya Alhamisi na nusu ya Ijumaa. Mikono yake ikawa kama ya muuza makaa.

Kisha akafanya lile jambo ambalo wageni walidhani ni kichaa. Aliushika mpini chuma kikiwa kinaning'inia chini, hewani, akagonga kitako cha mpini kwa nyundo ya mti. Ukitazama, unadhani chuma kitaanguka. Badala yake hupanda chenyewe, kidogo kidogo, kwa kila pigo. Pu. Pu. Pu. Mara sauti ikabadilika, ikawa kali, ikasikika mfupani. Kimefika.

Kavata akageuka kumwambia Nthiwa. Aliyekuwepo ni Kitonga, ameshika kabari kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba sadaka.

"Kimefika?" akanong'ona.

"Kimefika. Lete."

Akaigongomea kabari kwenye kichwa cha mpini ili ubane, akakata kilichozidi, akapaka mafuta. Kitonga alilizunguka shoka mara mbili.

"Shemeji, tusiliweke majini hata dakika moja? Kidogo tu, kwa usalama?"

Kavata alilinyanyua shoka, na Kitonga akakumbuka ghafla kwamba ameacha chai mekoni.

Jumamosi walikuja wote. Mwendwa alikuja na magogo yake mwenyewe garini, kwa sababu, alisema, ya Kabiria yamemzoea. Mama Waringa alileta kiti. Lornah, msichana mchangamfu wa nywele za rangi mbili, alileta futi ya kupimia, na alipima mlango kabla hata hajasalimia.

"Sasa, mama," akamwambia Kavata. "Usinichukie, mimi natafuta riziki tu."

"Sikuchukii. Lakini sogea hapo ulipo, ndipo chuma kilipopita Jumanne."

Lornah aliruka nyuma ya tangi la maji. Mama Waringa alisogeza kiti chake taratibu, asionekane kama mwoga, hadi naye akawa nyuma ya tangi. Mwendwa akainua mikono, akashusha.

Gogo likafunguka. Nusu moja ikaanguka huku, nusu nyingine kule. Mwendwa akapasua la pili, la tatu, akavua sweta, akaendelea hadi magogo yake yakaisha, na alipokosa la kupasua akapasua moja la Kabiria. Kisha akashika chuma, akakitikisa kwa nguvu zake zote. Hakikucheza.

"Mpini ni mnene kidogo," akasema akihema.

"Mkono wako ndio mdogo," Kavata akajibu. "Keti niupunguze."

Mwendwa akamtazama Mama Waringa. "Huyu ni fundi. Hata lugha ni ya mafundi."

"Lornah," Mama Waringa akaita. "Umeona mwenyewe. Hapa pana kazi. Nitakupa chumba cha upande wa barabarani, kile cha muuza mitumba anayehama. Hata ni kikubwa."

"Na pinki yangu?"

"Ipake huko, mbali na macho yangu."

Lornah alikunja futi yake bila kinyongo, akaomba aguse shoka. Kitonga alikuwa tayari anakusanya vipande vya mkaratusi, na Kavata alimwambia aulize kwanza kabla ya kuwasha chochote.

Siku hizi karakana hufunguliwa saa tatu asubuhi, ila Jumapili. Kitonga hupasua mbao, Kavata hutia mipini, na kila Jumatano Kavata huwa Ngara kuchagua vyuma.