Neno la Mabwana

Fineasi alikuwa amepiga magoti shambani tangu jua halijatoka, akifukua viazi vikuu kwa vidole, maana ganda likikwaruzwa kidogo tu kiazi hakifai tena kupelekwa kwa Bwana, mwenye ardhi yote ya kijiji. Ilikuwa Sikukuu ya Ukombozi. Zaidi ya miaka mia iliyopita mfalme aliwatangazia wakulima wa Tonga kwamba wako huru, na kila Juni kijiji kizima kinaukumbuka uhuru huo kwa kumpikia Bwana wao bure. Anayeona kichekesho hapo acheke mwenyewe. Fineasi hakuwa na nafasi.

Binti yake, Meliame, alikuwa akisuka kapu la makuti la kubebea viazi huku akijikumbusha somo la historia.

"Baba, kumbe Urusi mkulima alikuwa anauzwa pamoja na shamba. Na Japani alilima mpunga, akaishia kula mtama."

"Japani hii hii inayonunua maboga yetu?"

"Hiyo hiyo. Mwalimu kasema kila nchi ilikuwa na namna yake."

"Na sisi?"

"Kasema kwetu yalikwisha zamani."

Losaline, mama yake, aliyekuwa akimkamata nguruwe, alicheka hadi nguruwe akamponyoka. "Mwambie mwalimu wako Urusi walikuwa na nafuu. Huko shamba likiuzwa unakwenda nalo. Hapa shamba linakwenda, wewe unabaki barabarani na masufuria yako!"

Hilo ndilo lililokuwa likiwanyima usingizi. Shamba lile alililima babu yake Fineasi, kisha baba yake, kwa ruhusa ya mdomo tu ya mabwana waliotangulia. Sheria inasema kila mwanamume apewe shamba, lakini Bwana asipotia sahihi, sheria hiyo unaweza kuisokotea sigara. Baba yake Fineasi alizikwa mwezi Machi. Sasa ilisemwa kwamba kuna mfanyabiashara wa maboga anayetaka ardhi tambarare iliyo karibu na barabara. Fineasi alitaka jambo moja tu: Bwana atamke mbele ya watu kwamba shamba ni lake, kama lilivyokuwa la baba yake.

Walimkuta Bwana barazani, kwenye kiti cha ngozi kilicholetwa kwa meli kutoka Auckland, feni ikimpepea. Fineasi, mkeka wa msiba umefungwa kiunoni kama wavaavyo wafiwa, alikaa chini juu ya majani na kukunja miguu, kichwa chini kama inavyotakiwa. Pembeni wanawake walikuwa wakifukua nguruwe kwenye tanuri la ardhini na kuwakata vipande. Penisimani, msemaji wa Bwana, alivikagua viazi kimoja kimoja, akivibonyeza kama daktari.

"Vyembamba mwaka huu," alisema.

"Mvua, mzee."

"Mvua, mvua! Mvua haijawahi kuwa nyembamba shambani kwa Bwana. Haya, sema shida yako, kuna watu nyuma yako."

Fineasi alikuwa amejifunza maneno yake usiku kucha. Aliyaanza vizuri. Alijiita mla udongo, akajiita kitu kijinga, akamshukuru Bwana kwa jua na kwa bahari. Kisha akasema, "Tangu baba yangu alipopekia, mtukufu, nimekuwa nikililima shamba peke yangu..."

Visu vya wanawake vikasimama.

Hata kwa kufa, Tonga kuna vyeo. Mfalme ana neno lake. Bwana hupekia. Wengine wote hufa, kama anavyokufa nguruwe, kama inavyokufa injini ya trekta. Mchungaji ndiye aliyelitumia neno lile kaburini, kwa huruma, ili wafiwa wajisikie kuwa wamezika mtu. Likamkaa Fineasi mdomoni. Miezi mitatu alikuwa akilala nalo.

"Kapekia nani?" Bwana aliuliza. Ilikuwa mara ya kwanza kufungua mdomo.

"Kateleza ulimi huyu mjinga, mtukufu," Penisimani aliwahi, huku akimpiga Fineasi teke la pajani. "Omba radhi, wewe!"

"Mwache." Bwana alikuwa ameanza kutabasamu. "Kama baba yake alipekia, basi alikuwa bwana. Na bwana ana ardhi yake. Sasa huyu mtoto wa bwana anatafuta nini kwangu?"

Baraza zima lilicheka. Walicheka majirani waliokuwa nyuma ya Fineasi na viazi vyao, kila mmoja akiwa na shida yake mkononi, na hao ndio waliomuuma zaidi.

"Sema tena," Bwana alisema. "Polepole, ili na mimi nielewe. Baba yako alifanya nini?"

Fineasi alimwona baba yake alivyokuwa siku ya mwisho, mwepesi kama ganda la nazi, akiuliza kama viazi vimepaliliwa. Aliona aibu. Lakini alikuwa na watoto watano na shamba moja.

"Alikufa, mtukufu."

"Kama nani?"

"Kama... kama nguruwe, mtukufu."

"Umeona? Si vigumu." Bwana alijifuta jasho. "Trekta la mtu wa maboga linaingia Jumatatu. Chimbeni mnachoweza kabla ya hapo. Anayefuata!"

Penisimani alimshika bega amwondoe. Fineasi alisimama. Alisimama wima, Bwana akiwa amekaa, jambo ambalo hakuna mtu wa kijiji kile aliyewahi kulifanya.

"Wewe nawe utakufa," alimwambia. "Hutapekia. Utakufa."

Hakuna aliyecheka. Feni ilizunguka. Losaline alimshika mumewe mkono, wakapita katikati ya watu waliokuwa wakitazama miguu yao.

Jumatatu trekta liliingia, likageuza viazi na matuta na mawe ya mpaka aliyoyapanga babu yake Fineasi kuwa udongo mmoja. Wenye shamba walikuwa wamehamia nyuma ya nyumba ya shemeji, na masufuria yao. Mchungaji aliwatuma mashemasi wamwambie Fineasi akaombe radhi. Hakwenda, na hakuna aliyethubutu kumsalimu hadharani.

Mwezi Agosti Bwana alipelekwa Auckland, kifua kikimsumbua. Kanisani ibada nzima ilikuwa ya kumwombea, kwa maneno ya vyeo vyote vinavyomstahili. Waumini walipotoka, Penisimani aliinama kurekebisha kiatu chake karibu na Fineasi.

"Habari za Bwana?" Fineasi aliuliza.

Msemaji alitazama kushoto, akatazama kulia.

"Bado," alisema kwa sauti ya chini. "Bado hajafa."