Kanuni za Wachawi wa Wodi ya Kifua

Nililazwa wodi ya kifua mwezi wa Mei mwaka 1985, nikiwa na kilo thelathini na tisa. Kabla ya hapo nilikuwa nikifua mashuka katika hoteli moja ya watalii Malindi, na nikiishi mtaa wa Kisumu Ndogo, hapohapo Malindi, na dada yangu Kasiva. Daktari aliniambia nitachomwa sindano sitini, moja kila siku, kisha niendelee na vidonge nyumbani mwaka mzima. Nililia.

Kitanda cha kushoto alilala Easter, mwalimu kutoka Meru aliyekuwa akifundisha sekondari upande wa Kilifi. Cha kulia alilala Sidi, mama mtu mzima wa Ganze, ambaye wote tulimwita Hawe, yaani bibi kwa Kigiriama.

Easter alikuwa na kitabu kilichong'oka jalada, na dadu moja ya ajabu yenye nyuso ishirini. Aliachiwa na Mzungu mmoja wa kujitolea aliyefundisha naye. Kilikuwa kitabu cha mchezo, ila hakukuwa na ubao wala kete. Mmoja anasimulia, wengine wanakuwa watu wa ndani ya hadithi, na dadu ndiyo inayoamua kama ulilotaka kulifanya limewezekana.

"Nyinyi mtakuwa wachawi," Easter alituambia asubuhi ya kwanza aliyopata pumzi ya kutosha. "Wachawi wa mnara mmoja, wenye chama chao. Mji umekauka, nanyi mmetumwa kuleta maji."

Mimi nilifurahi. Hawe Sidi alijifunika shuka mpaka usoni hadi chakula cha mchana.

"Mwalimu," alisema baada ya kula, "wewe wasema mchawi kama mtu asemavyo fundi cherehani. Kwetu neno hilo lamtoa mtu nyumbani kwake."

Akatueleza. Mjukuu wa shemeji yake alikufa kwa homa mwaka uliopita, na watu wakaanza kusema ni yeye. Hakuna aliyemwambia usoni. Alijua tu pale majirani walipoacha kuja kumwomba chumvi. Alipoanza kukohoa damu, wakasema uchawi wake umemrudia. Aliyemleta hospitali ni bintiye Mbeyu, kibarua wa mashamba ya chumvi Marereni, na zaidi ya Mbeyu hapakuwa na mtu aliyefika kumjulia hali.

Easter alijishika mdomo. "Nisamehe, Hawe. Tutabadilisha. Mtakuwa wahunzi, mtakuwa mabaharia, chochote."

"La, usibadilishe. Hicho chama chao kina sheria?"

Easter akapekua kitabu. Zilikuwepo. Mchawi asiuze siri za mnara, avae joho la rangi ya daraja lake, asipigane sokoni. Hawe Sidi alicheka, na hiyo ndiyo mara ya kwanza kumsikia akicheka.

"Hizo ni sheria za watu wasio na shida. Andika zangu."

Easter aliziandika nyuma ya kalenda kuukuu tuliyopewa na muuguzi wetu, Sista Nduku. Mchawi wa chama hiki hamdhuru mtu, hata aliyemkosea. Hagusi chakula kabla mwenzake aliye hoi hajala. Anayemshuku mwenzake amwambie mbele yake, mchana, watu wakisikia; akishindwa, anyamaze. Na aliyeanza safari haiachi katikati, maana wenzake wametegemea nguvu zake.

Basi tukacheza. Kila siku, sindano zikiisha na makalio yakiuma, tulirusha dadu juu ya sinia la uji. Mimi nilikuwa mchawi wa mawingu. Hawe Sidi alichagua kujua lugha ya wanyama, na tulipokutana na joka lililolala mdomoni mwa kisima, hakutaka kupigana nalo. Aliliuliza habari za watoto wake. Easter alicheka mpaka akakohoa, dadu ikaangukia kumi na tisa, na joka likatupisha. Wagonjwa wa vitanda vya mbali walianza kusogeza vitanda vyao, na Sista Nduku alikuwa akikawia kutoa vidonge ili asikie mwisho.

Juma la tatu aliletwa mgonjwa mpya, Kadzo, naye wa Ganze. Alinikuta bombani nikinawa.

"Yule mama wa karibu yako ameua mtoto," aliniambia kwa sauti ya chini. "Usipokee kitu mkononi mwake."

Nilimjibu kwamba mimi siamini mambo hayo. Lakini kesho yake asubuhi, Hawe Sidi aliponishikia kikombe cha uji kama alivyozoea, kwa kuwa mikono yangu ilikuwa ikitetemeka, nilisema sina njaa. Alikiweka kikombe chini taratibu na kunigeuzia mgongo. Kufika saa nne, vile vitanda vilivyosogea karibu vilikuwa vimerudi ukutani.

Easter aliniuliza kulikoni, nami nikamwambia yote, nikitazama sakafu. Alishuka kitandani, akachukua ile kalenda, akasimama katikati ya wodi huku akishika chuma cha kitanda asianguke. Akasoma kanuni ya tatu kwa sauti ya darasani.

"Kadzo," akasema, "wewe hujaingia katika mchezo wetu, lakini umo wodini mwetu. Una neno juu ya Hawe. Liseme hapa."

Kadzo alivutavuta ncha ya leso yake. "Nilisikia tu."

"Kwa nani?"

"Kwa watu."

Hawe Sidi aliketi. "Wewe mwenyewe, mwanangu, umeniona nikifanya nini?"

"Sikukuona, Hawe."

"Haya."

Hakumtazama Kadzo tena. Alinitazama mimi. Kikombe kilikuwa bado pale chini, uji umeshapoa na kufanya utando juu. Nilikichukua, nikanywa wote, machozi yakinishuka.

"Nisamehe, Hawe."

"Kunywa polepole," alisema, "utapaliwa."

Ingekuwa hayo tu, ningekuwa na deni kubwa kwake. Lakini siku ya thelathini na tano, nikiwa nimeacha kukohoa na kufikisha kilo arobaini na tano, Kasiva alikuja na habari kwamba msimamizi wa hotelini amenipa siku mbili nirudi kazini, la sivyo anaajiri mwingine. Nilifunga nguo zangu. Easter alinisihi, nikamwambia mtu anajijua mwenyewe mwili wake, na mimi nimepona. Nikaenda kunawa uso. Niliporudi, Hawe Sidi alikuwa ameketi juu ya kifurushi changu.

"Kanuni ya mwisho," alisema.

"Hawe, ule ni mchezo."

"Mchezo ndiyo. Lakini mimi si mchezo. Siku ulipoukataa uji wangu nilitamani kwenda zangu, nife huko njiani. Nikakaa. Na wewe kaa."

Kasiva alisimama pale, hajui amtazame nani. Mimi niliketi kando ya yule mama, juu ya nguo zangu mwenyewe, nikakaa. Kazi ikaenda kwa mwingine. Jumapili iliyofuata, mwanamke wa kitanda cha mlangoni, aliyetoroka alipoona nafuu, alirudishwa amebebwa, na hakumaliza siku mbili.

Nilizimaliza sindano zote. Easter alitangulia kutoka, akarudi kufundisha, na kitabu chake akakiacha wodini. Mbeyu alikuja kumchukua mama yake na kwenda naye Marereni, si Ganze. Mimi nilipata kazi ya kufua katika nyumba moja ya mtaa wa Shella, Malindi, na vidonge vyangu sikukosa hata siku moja.

Mwaka uliofuata daktari aliinua picha ya kifua changu dirishani, akaniambia nimepona. Nilitoka pale nikapanda basi moja kwa moja hadi Marereni. Hawe Sidi alikuwa amenenepa, ameketi nje ya chumba cha Mbeyu katika safu ya vyumba vya vibarua.

"Shikamoo Hawe. Nimepona. Nimekuja kukushukuru."

"Marahaba," alisema, akanishika mikono yote miwili na kuigeuza huku na huku, kama mtu anayekagua kitambaa. "Imeacha kutetemeka."

Nilisema tena asante, na tena. Jirani mmoja akatoka chumba cha pili na ndoo kichwani, amebeba mtoto mchanga. Bila kusimama sana, akamweka yule mtoto mapajani mwa Hawe Sidi, akasema, "Nishikie mara moja," akaenda zake kuteka maji.