Utepe Mweupe

"Niambie ukweli, dada Nelda," alisema Corinne, akililaza lile ua juu ya meza ya kazi. "Nimekosea wapi?"

Nelda alivuta taa karibu, akainama. Maua matatu ya hariri, makubwa kama sahani za wali. Dubu wa kitambaa katikati, njuga kumi na mbili, na tepe ndefu za kushuka kutoka kifuani mwa mvaaji hadi magotini. Jina la binti wa Nelda, RAELYNN, lilibandikwa kwa herufi za kumeta. Gundi ilikuwa imechuruzika pembeni, lakini ilikuwa kazi ya mtu aliyejitahidi, na hilo ndilo lililomkera Nelda. Kisha akaona rangi. Damu ya mzee na dhahabu, rangi za shule, toka juu mpaka chini.

Moyo wake uliruka kwa furaha. Nasema furaha kwa sababu ndiyo iliyokuwa.

Hapa Pecan Fork kila mtu anajua: katika Wiki ya Kurudi Nyumbani, shule inapowakaribisha wahitimu wake kwa mechi ya mpira, wasichana hubandika ua kama hili kifuani, na msichana wa mwaka wa mwisho havai rangi za shule. Hizo ni za wadogo. Yeye huvaa nyeupe na fedha, mji mzima ukaona kwamba anaaga. Hilo halikuandikwa popote, na Raelynn alikuwa wa mwaka wa mwisho. Corinne alitoka Ohio juzijuzi tu, akaolewa na Dwight, na Dwight alijua mpira na matairi, basi.

"Ni zuri," Nelda alisema. "Usiguse kitu."

"Kweli? Maana wiki nzima naota njuga."

"Kweli kabisa."

Corinne akamkumbatia. Alikuwa na vidole vilivyoungua kwa gundi ya moto, viwili vimefungwa plasta. Nelda aliviona, akajifanya hakuviona.

Texas hakuna ukewenza, lakini jaribu kumweleza Nelda hivyo. Dwight, baba wa bintiye, alikuwa mumewe kwanza, na Nelda alikwisha kumsamehe, au kumchoka, miaka sita sasa. Mume achukuliwe. Lakini ua? Mchana alipika jikoni kwenye shule ya sekondari, na kila msimu huu, kwa miaka ishirini na miwili, alikaa katika gereji yake akiwasukia mabinti wa watu maua yao. Msuko wake ulijulikana hadi miji ya jirani. Na tangu Raelynn akiwa mtoto wa kutambaa alikuwa amemwekea roli la utepe mweupe wa hariri ndani ya bati la biskuti. Hakumwuliza bintiye kama amtengenezee. Nani huomba ruhusa ya kumpikia mwanawe? Corinne aliomba, mwezi wa saba, na Raelynn akakubali, kwa kuwa amelelewa asiwavunje watu moyo.

Nelda alilisuka la kwake hivyohivyo, kwa siri. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, alijiambia kila alipofunga fundo, na huyo mwingine hajazaa hata paka. Sasa hesabu yake ilikuwa nyepesi. Ijumaa Raelynn angeona wenzake wote wamevaa nyeupe, angekimbilia jikoni kwa mama yake.

Ijumaa asubuhi Nelda alitoka kwenda kazini kabla jua halijachomoza, ua jeupe limefichwa ndani ya mfuko mkubwa wa kufunikia nguo. Akalitundika stoo, katikati ya magunia ya unga. Dwight na Corinne ndio waliompitia Raelynn, wakampeleka kunywa chai mkahawani, wakambandika ua lao hukohuko, naye hakuwa na moyo wa kulikataa. Alikuwa mmoja wa wasichana watano waliochaguliwa kugombea taji la malkia wa shule, na jioni ile, wakati wa mapumziko ya mechi, wangetembezwa uwanjani mbele ya mji mzima.

"Leo unauchekea hata mchuzi," alisema Opal, mpishi mwenzake. "Umeshinda bahati nasibu?"

"Koroga chungu chako, shoga."

Saa ya chakula ilipofika, kantini ililia njuga kama zizi la mbuzi. Wasichana wa mwaka wa mwisho waliingia mmoja mmoja, weupe na fedha. Kisha Raelynn, peke yake katika damu ya mzee.

"Rae, umerudishwa darasa?" mvulana mmoja aliuliza kwenye foleni, na watu wakacheka.

"Naipenda shule. Una neno?" alisema Raelynn, lakini masikio yake yalikuwa mekundu.

Nelda aliacha upawa, akamshika mkono, akamwingiza stoo. "Vua hilo, mwanangu," akasema, akafungua mfuko.

Raelynn alilitazama lile ua jeupe. Akaugusa msuko, akaufuata kwa kidole mpaka chini. "Hujawahi kusuka zuri kama hili."

"Basi geuka nikubandike."

Hakugeuka. "Corinne ameniambia alikuletea lake Jumatano. Kasema ulimwambia asiguse kitu."

Nelda alitafuta uongo, na kwa mara ya kwanza wiki ile hakuupata.

"Mama, uliniacha nije kuchekwa."

"Nilitaka uje kwangu."

"Kwani mimi nakaa kwa nani?" Raelynn alisema. Akajifuta macho kwa mgongo wa mkono, akachukua sinia lake, akatoka. Njuga zake zilisikika mpaka meza ya mwisho. Hakulivua.

Nelda alimaliza kugawa nyama na mchuzi mweupe bila kumtazama mtu usoni. Alijionea aibu, na wivu bado ulikuwapo ndani ya ile aibu, haukuhama. Zamu ilipokwisha alikaa kwenye gari lake, akaanza kufumua ua jeupe, fundo kwa fundo, hadi utepe wote ukarudi kwenye roli.

Wakati wa mapumziko, wagombea walipanga mstari nyuma ya goli, kila mmoja na baba yake. Corinne alisimama kando ya uzio, macho yamevimba.

"Mke wa kocha ameniambia habari ya rangi," alisema kabla Nelda hajafungua kinywa. "Mbele ya watu. Wewe ulijua."

"Nilijua."

"Kwa nini, dada Nelda? Nilikuja kukuuliza."

"Wivu."

Corinne alicheka kidogo, bila raha. "Akipata homa kwangu anakuita wewe. Unadhani mimi sina?"

Nelda alimpa roli. "Shika hapa. Usivute."

Akapiga magoti kwenye nyasi mbele ya bintiye, akaanza kuusuka utepe mweupe ndani ya tepe za Corinne, mweupe juu, damu ya mzee chini, stepla mdomoni. Baadaye kidogo mkono wa Raelynn ukashuka, ukakaa begani kwa mama yake. Upande wa kushoto ulikamilika. Wa kulia ulikuwa umefika katikati kipaza sauti kilipoliita jina lake.

"Mkasi," Nelda alisema.

"Sina," alisema Corinne. "Mkasi wako uko wapi?"

Ulikuwa garini. Dwight alikwisha kukunja mkono, na Raelynn akaupitisha wake, akaanza kutembea. Nelda alilegeza vidole, akauacha utepe upite. Kando yake Corinne alilitia roli kwenye vidole viwili vyenye plasta, likazunguka, likazunguka, na utepe ukanyooka juu ya nyasi chini ya taa kubwa, kutoka kwa wale wanawake wawili mpaka kwa msichana aliyekuwa akienda. Wote wawili walilitazama roli, kuona utepe umebaki kiasi gani.