Shangazi Caritas Atoa Damu

Asubuhi hiyo Daphrose alimvalisha binti yake Nella gauni la mtoto wa miaka mitatu, ingawa Nella alikuwa na tisa, wakaenda kliniki pamoja na mama mkwe wake, Léocadie. Daphrose alitaka ugonjwa wa mtoto ujulikane. Tena, tuseme ukweli, alitaka mama mkwe aache kudai kwamba ufupi ule umetoka kwa kina Daphrose, na aache kumficha Nella chumba cha nyuma kila wageni wakija.

Daktari alieleza kwamba damu itapimwa ng'ambo, maana ugonjwa wa namna hii hurithiwa. Akauliza kama kwenye ukoo wa baba aliwahi kuwepo mtu asiyerefuka.

“Apana, dokta,” Léocadie alisema. “Kwetu wote ni warefu.”

Hapo Caritas, binti wa kwanza wa Léocadie, aliyekufa kabla ya vita, akaingia na kuketi kwenye benchi. Miguu yake haikufika chini. Nella akasogea kumpa nafasi, na daktari akamwomba naye atoe damu. Muuguzi alipomuuliza kama amekula, alijibu kwamba hajala tangu azikwe. Damu ilitoka baridi, lakini ilitosha. Léocadie alikuwa akitazama dirishani.

Walirudi mtaani kwao Bwiza wote wanne kwa miguu. Njiani Caritas aliulizia fundi redio wa kwenye kona, akaambiwa alihama zamani. Jioni Léocadie na Caritas walimenya ndizi wakikumbushana Jumapili za enzi hizo, rumba ikisikika nyumba hadi nyumba, na maandazi ya jirani yaliyokuwa yakiisha kabla ya misa. Jamani, walicheka mpaka machozi. Ukiwaona hivyo, huwezi kumchukia yule mama. Mazungumzo yakafika kwenye gauni la Caritas la bluu la Noeli, ambalo Léocadie alilishona mwenyewe kwa sababu madukani hapakuwa na saizi ya binti yake.

“Ulipendeza sana,” Léocadie alisema.

“Hakuna mutu aliniona, mama.”

“Mi nilikuona.”

Caritas hakurudi tena kaburini. Alilala na Nella, wakavaliana nguo.

Majibu yalikuja baada ya msimu wa mvua kwisha. Ugonjwa ulikuwa na jina refu. Nella aliurithi kwa mama na kwa baba pia, na shangazi yake alikuwa nao uleule. Daphrose alilia kwa furaha mbele ya daktari. Léocadie alisikiliza mpaka mwisho, akashukuru kwa adabu.

Jumapili wakaja wageni kutoka Uvira. Léocadie akafungua mlango wa chumba cha nyuma.

“Caritas, ingia. Na mutoto umuchukue.”

Caritas aliinuka, kama alivyozoea, akamshika Nella mkono. Daphrose alifungua kinywa, lakini wageni walikwisha kuanza kusalimia. Mmoja wao akamuuliza Léocadie kama ameshapata wajukuu.

“Bado,” alisema. “Tunaomba tu Mungu.”

Daphrose akawamiminia wageni soda.