Upana wa Kidole

Skrubu ilidondoka mara ya tatu. Fundi Saa akapiga magoti chini ya meza, akaipapasa sakafuni. Kitu chenyewe kidogo kuliko chawa.

"Sensei, ndiyo umeanza kusali?" akauliza Mshona Viatu, jirani yake wa kibaraza.

"Shona viatu vyako."

Plasta ya mkono uliovunjika ilitolewa juzi. Kidole gumba na mwenzake, vile vya kushikia kibanio, viliunga upande. Asubuhi mkewe alimfunga vifungo vya shati kama mtoto, akamwambia, "Baba, leo ukishindwa, hiyo meza mwachie yule muuza simu anayeitaka. Tusidanganyane."

Saa iliyokuwa mezani ilikuwa ya mzee mmoja, sasa marehemu. Mjane wake ameisubiri miezi miwili, na leo mchana anaifuata.

Kwa miaka ishirini, jioni, Fundi Saa alifundisha karate; ndiyo maana mtaani walimwita sensei, yaani mwalimu. Sheria yake ilikuwa moja: ngumi isimame upana wa kidole mbele ya uso wa mwenzako. Anayemgusa mwenzake, pushapu hamsini. Wanafunzi walimwita mashine, kwa kuwa ngumi yake haikuwahi kupitiliza.

Halafu siku moja mtu akampora mkoba wa vifaa. Kwenye sinema adui hungoja zamu yake. Huyu hakungoja. Fundi Saa alimfikia, akatupa ngumi moja safi, iliyonyooka. Ikasimama. Upana wa kidole mbele ya pua. Hata mwizi alishangaa. Kisha akamsukuma, wakaanguka wote mtaroni, mkono wa fundi ukawa chini, kiatu cha mwizi juu. Mambo yakaisha kabla mtu hajamaliza kupiga chafya.

Mjane alifika na mwavuli wake, akaketi kwenye kigoda.

"Pole, fundi. Nasikia uliwarukia watatu."

"Watatu, mama!" Mshona Viatu akadakia, nyundo juu. "Teke moja, wawili chini! Mimi shahidi."

"Wewe ulikuwa umejificha nyuma ya viatu," alisema Fundi Saa. "Alikuwa mmoja, mama. Mwembamba."

"Ukampiga?"

Fundi Saa alitazama mkono wake.

"Hapana. Sikumgusa."

Mshona Viatu akacheka, akaona hakuna anayemsaidia kucheka, akarudi kugonga kiatu chake.

"Na saa ya mzee?"

"Imebaki skrubu moja."

"Basi nitangoja," mjane alisema, akalaza mwavuli magotini.

Fundi Saa akabandika lenzi jichoni. Akaibana skrubu, akaegemeza kiwiko mezani, akaishusha taratibu kuelekea tundu lake. Nyundo ya jirani ikatulia. Skrubu ilishuka, ikashuka, kisha ikasimama juu ya tundu, upana wa unywele. Mkono, kwa mazoea ya miaka ishirini, haukutaka kugusa.

Akavuta pumzi. Mjane naye, bila kujua, akaizuia yake.