Marudiano ya Ringwani

Goli la tatu lilipoingia, Matiko alikuwa amesimama nyuma ya nyavu, karibu kiasi kwamba vumbi la ule mpira lilimfikia usoni. Hapo ndipo alipozoea kusimama. Mashabiki wengine wa Itiryo walipenda kukaa upande wa kivuli, lakini yeye siku zote alisimama nyuma ya kipa wao, kwa sababu aliamini kipa ndiye mchezaji anayeachwa peke yake kuliko wote.

Alikuwa mama wa makamo, muuza ndizi, na sauti yake ilijulikana Itiryo nzima. Ndiye aliyeanzisha nyimbo za timu, na akianzisha, wengine walipokea. Mwaka huo alikuwa ameimba sana. Timu ya Itiryo haikuwa imewahi kufika nusu fainali ya kombe la mkoa, na walipofika, watu waliacha kabisa kufikiria kwamba kuna kufungwa. Walishaanza kugombania nafasi kwenye gari la kwenda Musoma kuangalia fainali. Mzee mmoja alimpa ndama wake jina la Anold, mshambuliaji wao. Kanisani wachezaji walikuwa wameombewa jina kwa jina.

Sasa Ringwani, watu wa kutoka ng'ambo ya Mto Mara, wilaya ya Serengeti, walikuwa wamekuja kuwafunga tatu bila nyumbani kwao.

Ubaya ni namna magoli yenyewe yalivyoingia. La kwanza lilikuwa mpira wa chini, wa kawaida, ukapita katikati ya miguu ya Nashoni, kipa. La pili alitoka kuifuata krosi, akaikosa. La tatu alikuwa amesogea mbele mno, na mshambuliaji wa Ringwani, Vincent, akamnyanyulia mpira juu ya kichwa chake taratibu, kama mtu anayerusha nguo kwenye kamba.

Refa alipomaliza mchezo, uwanja ulikuwa kimya. Kisha mtu mmoja akauliza kwa sauti, bila kumwangalia yeyote, mke wa Nashoni ametokea wapi.

Hakuna aliyehitaji kujibiwa. Ghati, mke wa Nashoni, aliolewa kutoka Ringwani, na Vincent aliyefunga magoli mawili ni kaka yake, baba mmoja mama mmoja. Ghati alikuwa palepale katikati ya mashabiki, mtoto mgongoni, amejifunga kitenge cha zambarau, rangi ya timu. Watu wakaanza kusogea mbali naye, mmoja mmoja, mpaka akabaki amesimama peke yake kwenye majani. Neno likapita: mechi imeuzwa kwa mashemeji. Kijana mmoja akamwendea na kumwambia akivue kile kitenge, hana haki nacho.

Matiko alizunguka nyavu akaenda kusimama karibu naye. Kusema kweli hakufanya hivyo kwa upendo. Alikuwa na hasira na Nashoni kiasi kwamba angempata karibu angemfinya. Lakini alikuwa ameona kila kitu kwa macho yake, na aliyoyaona hayakufanana na yaliyokuwa yanasemwa. Yule kijana alipomwona, alirudi nyuma. Matiko akamshika Ghati mkono, wakaondoka wote wawili mpaka kwenye njia ya kwenda kwa Ghati.

Nyumbani kwake, Matiko hakuweza kula. Mume wake, Daudi, alikuwa mtu wa ng'ombe zake na mpira hakuujali, akamuuliza nani amefariki. Matiko akamwambia amwache. Daudi aliutazama uso wake, akaufunika ugali kwa sahani, akatoka nje kwenda kuangalia zizi ambalo halikuwa na tatizo lolote. Matiko alibaki amekaa, na kila alipofumba macho mpira ulipita tena katikati ya ile miguu. Kilichomuuma hakikuwa kufungwa tu. Alikuwa ameamini. Alikuwa amewaambia wateja wake wote wa sokoni Nyamisangura kwamba safari hii kombe linakuja Itiryo, na sasa angelazimika kwenda kupanga ndizi zake mbele ya watu walewale.

Kesho yake mashabiki walikutana kwenye darasa moja la shule ya msingi. Mwenyekiti wao, Ezra, mwenye mashine ya kusaga, alisimama akasema maneno makali. Alisema mchezo wa marudiano ni wa kupoteza muda, kwamba Nashoni asiguse tena jezi ya Itiryo, na kwamba hakuna shabiki wa kujiheshimu atakayekwenda Ringwani kuchekwa. Wengi walipiga makofi. Mwalimu Gidion, kocha, akaeleza kwa upole kwamba kipa wa akiba bado anauguza bega, kwa hiyo bila Nashoni hawana kipa. Hakuna aliyemsikiliza.

Matiko aliomba nafasi. Ezra alimpa, akidhani ataunga mkono.

"Mimi nilikuwa nyuma ya goli," Matiko alisema. "Hapa hakuna aliyekuwa karibu kunishinda. Yule kijana hakuuza mechi. Alicheza vibaya."

Ezra akamuuliza sasa wafanye nini, waende wakamwimbie mtu aliyewaaibisha.

"Ndiyo, mwenyekiti. Akishinda mnamwimbia, na hapo hata hana haja nanyi. Mimi Jumamosi naenda Ringwani. Nikienda peke yangu, nitaimba peke yangu."

Darasa lilinung'unika. Wachache walimfuata nje, wakamwuliza gari litaondoka saa ngapi.

Lakini kulikuwa na kazi ngumu zaidi ya mkutano. Nashoni mwenyewe alikuwa amemwambia mwalimu Gidion kwamba haendi. Matiko alimkuta shambani kwake akipalilia mahindi, amegeuzia njia mgongo. Alipomwona aliweka jembe chini, akamwamkia, shikamoo mama. Glovu zake alikuwa amempa Ghati azifungie sandukuni.

"Sikuuza, mama," alisema mwishowe.

"Najua."

"Yalinipita tu. Lile la kwanza liliponipita, mikono ikaanza kutetemeka, sikuweza kuizuia tena."

Matiko alikuwa amekuja na maneno ya kumtia moyo, ameyapanga njia nzima. Alipomwona usoni, aliona yale maneno yangekuwa uongo, na kijana angejua kuwa ni uongo.

"Ulicheza vibaya sana, Nashoni," alisema. "Mpaka sasa nina hasira na wewe. Lakini usipokwenda, walioongea watasema walijua. Na mkeo ataishi na hayo maneno hapa Itiryo, kila akienda kuteka maji. Wewe nenda ukadake. Mimi nitakuwa nyuma yako."

Nashoni aliokota jembe akaendelea kupalilia, na Matiko akaondoka bila kujua ameshinda au ameshindwa.

Jumamosi asubuhi, lori linalobeba ndizi lilisimama barabarani kuwachukua. Wakati wa robo fainali watu walikuwa wamening'inia mpaka kwenye mabomba ya juu ya lori. Siku hiyo mtu angeweza kulala chini akanyoosha miguu. Wachezaji walikuwa wametangulia na gari lao, na dereva akasema amemwona kipa ndani, amekaa siti ya nyuma. Matiko alishusha pumzi. Walipotaka kuondoka, Ghati akatokea, mtoto mgongoni, chupa ya chai mkononi, kitenge kilekile cha zambarau kiunoni. Wawili watatu wakaangaliana. Matiko akasogea, akapigapiga benchi kwa kiganja kumkaribisha, na Ghati akapanda.

Walipita Nyamongo, wakavuka mto, wakaanza kupanda kwenda Ringwani. Mashabiki wa pale walikuwa wamejaa mapema na waliwapokea kwa nyimbo za Kingoreme. Kingoreme na Kikurya cha Itiryo havikai mbali, kwa hiyo hakuna tusi lililohitaji kutafsiriwa. Matiko aliyapokea yote huku akifunga kilemba chake vizuri.

Kabla mchezo haujaanza, mama mmoja alitoka upande wa wenyeji, akavuka mpaka walipokaa wageni. Alikuwa mama yake Ghati. Walisalimiana, akaviangalia vile vitenge vya zambarau, akamwangalia binti yake. Halafu akanyoosha mikono achukue mjukuu.

"Mtoto hana timu," alisema, akaondoka naye kwenda upande wa Ringwani. Watu wa pande zote mbili walicheka, na kwa mara ya kwanza tangu ile siku mbaya, Ghati naye alicheka.

Itiryo walihitaji magoli matatu ili tu kulingana. Anold alifunga la kwanza kabla ya mapumziko, mpira uliomgonga gotini ukaingia, naye akashangilia kama ameukusudia. Kipindi cha pili kikaanza na la pili, la kichwa, kutokana na kona. Wale mashabiki wachache wa Itiryo hawakuwa na akili tena. Watu waliokuja kwa ajili ya heshima tu sasa walianza kuhesabu: moja tu, moja tu. Matiko, nyuma ya nyavu za Nashoni, alisikia lile jambo la zamani likiamka kifuani, imani ileile iliyokuwa imemuumiza, na hakuweza kuizuia.

Ndipo alipomwona Ezra. Alikuwa ng'ambo ya uwanja, amesimama katikati ya watu wa Ringwani, amevaa koti zito juani na kofia imeshuka mpaka kwenye nyusi. Alikuwa amekuja peke yake kwa bodaboda. Itiryo walipopata mpira wa adhabu, mikono ilimpanda kichwani, akasahau kujificha, jirani zake wakaanza kumtazama.

Mpira ule wa adhabu ukagonga ukuta wa mabeki. Ringwani wakauchukua, wakakimbia nao. Beki mmoja wa Itiryo akateleza. Nashoni akatoka, safari hii kwa wakati, akajirusha, akaupangua ule mpira vizuri kabisa, nao ukaenda kuangukia miguuni pa Vincent. Goli lilikuwa wazi.

Mbili kwa moja. Uwanja mzima wa Ringwani ulilipuka, na kwenye kile kipande kidogo cha zambarau ukimya ukashuka, uleule wa Itiryo. Matiko aliutambua. Alijua kinachoufuata: mtu mmoja atauliza swali, na wengine watajaza jibu. Nashoni alikuwa amepiga magoti, mbele yake tu, ameinamisha kichwa.

Matiko akaanza kuimba. Wimbo ulitoka vibaya, juu mno, sauti ikikwaruza. Aliimba mstari wa kwanza peke yake na hakuna aliyepokea. Akaurudia. Ghati akapokea. Alikuwa na sauti nyembamba ambayo Itiryo hawakuwa wamewahi kuisikia, na aliimba akiangalia mgongo wa mume wake huku kaka yake akishangilia kwenye kibendera cha kona. Halafu wakapokea wengine.

Nashoni akainua kichwa. Akaingia ndani ya nyavu, akautoa mpira, akakimbia nao mwenyewe mpaka katikati ya uwanja, akauweka chini. Wenzake waliokuwa wameshika viuno wakarudi kwenye nafasi zao.

Ezra alionekana akija. Alizunguka uwanja karibu anakimbia, koti mkononi, na kumbe ndani alikuwa amevaa jezi ya Itiryo. Alisimama nyuma ya wengine, akapokea wimbo bila kumtazama mtu.

Walicheza mpaka mwisho kama watu wenye haraka. Anold aligonga mwamba. Nashoni alizuia mpira mmoja kwa ncha za vidole na mwingine kwa uso. Lakini hakuna goli jingine, na refa akapuliza. Walikuwa wameshinda mchezo na wametolewa kwenye kombe, jumla ya magoli manne kwa mawili.

Iliuma. Matiko alikuwa amefikiri kwamba baada ya kuimba vile haitauma sana, lakini iliuma palepale. Wachezaji walipokuja kuwashukuru, shabiki mmoja alikataa kumpa Nashoni mkono, akageukia pembeni. Matiko akampa.

"La leo halikuwa kosa lako," alimwambia. "Yale ya kwetu yalikuwa yako."

"Nayajua, mama," alisema Nashoni. Jicho lake moja lilikuwa limeanza kuvimba.

Vincent alikuja kumsalimia dada yake. Ghati alimwambia amletee mtoto kwanza, mambo mengine wataongea siku nyingine, kwa sasa bado ana hasira naye. Vincent akaenda kumleta mtoto.

Ezra alirudi nao kwenye lori. Walipokuwa wanateremka kuelekea mtoni, alimgeukia Ghati mbele ya watu wote.

"Mke wa Nashoni, niliwasema vibaya, wewe na mwenzio."

Ghati akajibu kwamba amesikia. Ezra hakumlazimisha kuongeza neno. Kisha mtu akasema kwamba beki wa kulia hafai, mwingine akabisha, wa tatu akasema kuna kijana kule Nyamisangura mwenye mbio, akishawishiwa mapema atakuja. Kabla hawajafika Nyamongo walikuwa wanapanga kikosi cha msimu ujao, na Matiko, bado macho yakiwa mekundu, ndiye aliyekuwa anabishana kuliko wote.

Ligi ilianza tena mvua zilipokatika. Mechi ya kwanza walicheza nyumbani, Nashoni akiwa golini na Ghati akiwa amesimama na Matiko nyuma ya nyavu. Itiryo walifungwa moja bila. Mashabiki walikasirika, wakamlaumu refa, wakamlaumu beki wa kulia, lakini nyimbo hazikukatika, na hakuna aliyeondoka uwanjani mpaka wachezaji wote walipotoka.