Matawi Yaliyolazwa

Tangu alfajiri miguu ya Tauno Rautio ilikataa kutulia, hata akiwa amekaa. Wenzake wote wa darasa la urubani walikwisha kuruka peke yao, amebaki yeye tu. Mwalimu wake, Luteni Ahlgren, alikuwa amemwambia bila kumung'unya maneno: ama leo, ama arudi jeshi la miguu.

Kwa hiyo alipopewa zamu ya matawi, aliifanya kama anayefukuzwa. Wakati wa baridi uwanja wao ni ziwa lililoganda, na weupe wake humchezea rubani. Jicho halijui kama barafu imefika au bado iko mbali. Ndiyo maana matawi ya msunobari huchomekwa wima, mstari mzima, ili anayetua apate cha kupimia. Tauno aliyalaza tu chapuchapu, akaenda kunywa kahawa. Andazi la iliki aliliacha nusu, yeye ambaye huwa anamalizia hata la jirani.

"We dogo, umekalia sisimizi?" fundi Vilho alimuuliza.

"Niache, Vilho. Leo usinitanie."

"Nisikutanie leo, nikutanie lini? Kesho si utakuwa umeshafukuzwa?"

Ndege yao ya mafunzo iliitwa Mbu. Bawa juu, bawa chini, nyaya katikati, na mbao za kutelezea badala ya magurudumu. Luteni alikaa mbele, Tauno nyuma, wakazunguka ziwa mara moja. Kutoka juu tawi lililolala na lililosimama hayana tofauti, na Luteni hakugundua kitu. Walipotua alishuka, akapiga bawa kofi.

"Nenda mwenyewe. Na usiniulie Mbu wangu. Wewe nitapewa mwingine."

Tauno aliruka. Kwa dakika chache alikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote nchini, akapiga kelele peke yake kama kichaa. Kisha theluji ikaanza kudondoka, nyepesi, isiyo na haraka yoyote. Alipogeuka kutua, mstari haukuwapo. Matawi yote yalikuwa yamefunikwa.

Alishuka, akashuka tena, hakuona kitu ila weupe. Roho ikamruka, akaongeza moto, akapanda. Akajaribu tena, ikawa vilevile. Angeyachomeka wima, yangekuwa yanaonekana mpaka sasa. Alijitukana matusi ambayo mama yake hakujua kama anayajua. Mafuta yalikuwa yanaisha.

Ndipo alipowaona watu wakitoka mbio bandani. Mafundi, wapishi, wanafunzi wenzake, wote na makoti yao mazito, wakajipanga mstari juu ya barafu, pale pale matawi yalipolala. Wa kwanza kabisa, mahali ambapo ndege ingegusa, alisimama mtu mrefu, mikono nyuma. Alikuwa Ahlgren.

"Toka hapo, mzee!" Tauno alipiga kelele. "Toka, nitakuua!"

Nani angemsikia? Akageuza ndege, akashuka kando ya mstari ule. Aliona kofia ya Luteni chini yake, kisha ikawa usawa wa macho, na hapo akajua barafu iko wapi. Akavuta usukani. Mbu aligonga, akaruka kidogo, akagonga tena, akateleza mbele ya watu wote mpaka akasimama. Ncha ya bawa ilikuwa imempita Luteni karibu kiasi cha kumvua kofia.

Tauno alishuka. Luteni alikuwa anakuja taratibu, akipangusa theluji kwenye kofia yake.

"Afande, matawi niliyalaza mimi."

"Najua. Nani mwingine angefanya uchafu ule?"

"Ningekugonga, afande! Ulisimamaje pale? Na kama ningekugonga je?"

Ahlgren alifikiri kidogo, uso mkavu kama kawaida yake.

"Ningekufelisha," alisema.

Vilho akaangua kicheko. Tauno naye alitaka kucheka, mdomo ukafunguka, lakini kilichotoka kilikuwa kilio, na Luteni akasimama mbele yake, akimkinga wenzake wasimwone.